Jibini za Milima ya Alpi: ipi ununue, na kwa nini uiogope nailoni

Dada mmoja anayeishi Geneva ameniandikia kwa hasira. Alilipia kipande cha Gruyère, jibini ngumu ya Uswisi, ya miezi 18, akakifungua mbele ya wageni, ikasikika ladha ya mfuko wa nailoni. Aliporudi dukani, muuzaji akamwambia jibini ya zamani ndivyo ilivyo, kali, yeye hajazoea tu. Hajazoea! Mtu kazeekea Uswisi. Na si yeye peke yake, malalamiko ya namna hii napata kila mara.

Kwa hiyo leo asilimia ya mafuta na picha ya ng'ombe kwenye pakiti tuwaachie wengine. Swali la kwanza dukani ni hili: imekatwa lini? Gurudumu zima la Gruyère, kilo 35 hivi zilizotokana na lita 400 za maziwa, hulindwa na ganda lake. Likishakatwa, ulinzi umekwisha. Kipande kikiviringishwa nailoni na kulazwa chini ya taa za kaunta, mafuta yake huanza kuharibika na nailoni nayo hukiachia harufu yake. Hapo miezi 18 ya kukomazwa pangoni haikusaidii kitu.

Kwa hiyo tazama uso wa kipande. Ukiona unang'aa mafuta kama paji la mpishi wa pilau, kiache. Omba ukatiwe kutoka kwenye gurudumu, ukiona kwa macho yako, na kama uso wa gurudumu umekaa wazi, mwambie akwangue kabla hajapima. Kabla, si baada! Ukifika nyumbani vua nailoni yoyote aliyokufungia, funga kwa karatasi ya nta, weka kwenye droo ya mboga.

Sasa orodha yangu. Nina upendeleo na sifichi.

Nafasi ya kwanza ni Comté, jibini ya Ufaransa, hasa ya kampuni ya Marcel Petite. Hawa hukomazia magurudumu yao katika Fort Saint-Antoine, ngome ya kijeshi ya karne ya 19 katika milima ya Jura upande wa Ufaransa, wanayoitumia tangu 1966. Mtasema Jura si Alpi. Sawa, lakini ufundi ni mmoja: maziwa mabichi kwenye beseni la shaba, mgando unakatwakatwa hadi punje ndogo, unapashwa moto, kisha unakandamizwa utoke maji. Kipande kitoe kwenye friji saa moja kabla. Kivunje, kipashe moto kidogo vidoleni, unuse. Utapata siagi, karanga zilizokaangwa, wakati mwingine kitunguu kilichoiva polepole. Anza kula katikati, uende ukikaribia ganda, uone ladha inavyobadilika. Zile chembe zinazosaga menoni si chumvi, ni tairosini, kijenzi kimoja cha protini, dalili ya kukomaa.

Ukiona utepe ubavuni, wa kijani ni wa magurudumu yaliyopata kwenye ukaguzi wa ubora kuanzia alama 14 kati ya 20, wa kahawia ni chini ya hapo. Chini ya 12 hairuhusiwi kuitwa Comté. Wauzaji wengine hukuambia kijani maana yake ni changa. Waongo. Utepe hauhusiani na umri.

Mvinyo wa kuinywea Comté ni vin jaune, yaani mvinyo wa manjano, wa huko huko Jura, unaokaa kwenye pipa zaidi ya miaka sita bila kujaziliziwa, na chupa yake ni sentilita 62. Bei yake inauma; bia ya Ubelgiji aina ya tripel inafanya kazi hiyo hiyo vizuri. Mvinyo mwekundu mzito achana nao, unaifanya jibini iwe chungu. Asiyekunywa pombe achukue chai ya rangi bila sukari, wala hapungukiwi. Ila anayefuata halali ajue kwamba Comté na Gruyère hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama. Na wale ambao maziwa yanawavuruga tumbo wasiogope, jibini iliyokomaa hivi karibu haina laktosi, ile sukari ya maziwa.

Ya pili L'Etivaz, ya jimbo la Vaud, Uswisi. Hutengenezwa kiangazi tu, malishoni juu, kuanzia tarehe 10 Mei hadi 10 Oktoba, kwa moto wa kuni. Moshi wake unausikia kwa mbali. Inywee mvinyo mweupe wa zabibu za Chasselas, au bia nyeusi ya Kijerumani aina ya bock.

Ya tatu Beaufort ya Savoie, Ufaransa, ile ambayo ubavu wake umebonyea ndani. Tamu sana, haswa ya kiangazi, pamoja na mvinyo mweupe wa Savoie. Ila bei yake, jamani! Tena angalia usipewe kipande cha ukingoni kabisa chenye ganda pande tatu. Ganda hilo linapimwa kwenye mizani kwa bei ile ile ya jibini, na ukilalamika unatazamwa kama umekuja kuomba. Duka moja ninalolijua hata kuonja wanakataa, kisha ukinunua wanakuuliza kama ungependa na karatasi yao ya nta, kwa pesa ya ziada. Karatasi!

Appenzeller ya lebo nyeusi inashika ya nne. Ganda lake husuguliwa kwa maji ya mitishamba ambayo mapishi yake ni siri. Kali, inataka bia, mvinyo inaushinda.

Emmentaler ya supermaketi weka kwenye mkate. Iliyokunwa tayari usinunue, nunua kipande na kikunio. Na kama duka lako lina vipande vya kaunta vya nailoni tu, afadhali uchukue pakiti iliyofungwa kiwandani ikaondolewa hewa, iliyo mbali na taa, tarehe ya mwisho iliyo mbali kuliko zote. Ipo nyuma ya rafu, huko ndiko wanakozificha.