Nililipa wakala wa vyuo vya nje hapa Mwanza anitafutie masta ya uhandisi umeme: uzoefu wangu

Nyota mbili kati ya tano, na moja ya hizo ni ya yule dada wa mapokezi aliyekuwa ananikaribisha chai ya tangawizi kila nilipokwenda kuulizia majibu. Huduma ninayoizungumzia ni ya wakala anayewatafutia watu nafasi za kusoma nje. Jina silitaji. Mjini wapo kadhaa na sina ugomvi na mtu, ila kuna mambo ningependa mwenzangu ayajue kabla hajatoa hela.

Mimi nina shahada ya kwanza ya uhandisi umeme, GPA 3.6, na nimefanya kazi miaka minne kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Kazi zangu ni mota, kompresa za vyumba vya baridi, jenereta, na kila mwisho wa mwezi kukaa na mhasibu kubishania bili ya umeme. Nikaona nitafute masta Ujerumani, kwa sababu vyuo vingi vya serikali kule havitozi ada ya masomo. Si vyote, tuelewane. Jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na chuo cha TUM cha Munich nacho kimeanza kutoza wageni. Hilo la Baden-Württemberg wakala hakuniambia, na kati ya vyuo vitatu alivyonichagulia kimoja kilikuwa huko huko.

Nililipa laki nane na nusu. Akataka transkripti, pasipoti na matokeo ya IELTS, ule mtihani wa Kiingereza. Akaitazama ile GPA, akagonga meza kwa kalamu: "Daraja la pili la juu! Injinia, hapa hakuna shida. We anza kutafuta koti."

Koti sikununua, namshukuru Mungu.

Sasa hiyo GPA. Kwetu 5.0 ndiyo juu kabisa na 2.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Wajerumani wamegeuza: 1.0 ndiyo bora, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu. Ili kubadilisha wanatumia hesabu inayoitwa kanuni ya Bavaria: unachukua alama ya juu kabisa unatoa ya kwako, unagawa kwa tofauti ya alama ya juu na ya mwisho kufaulu, unazidisha kwa 3, unajumlisha 1. Inaonekana ndefu, lakini kwa mizani yetu tofauti hiyo ni 3 kamili, kwa hiyo inakatana na ile 3 ya kuzidishia. Kinachobaki ni sita toa GPA yako. Basi. Yangu ni 6 toa 3.6, sawa na 2.4. Programu kadhaa nilizokuja kuziangalia mwenyewe baadaye ziliweka mpaka kwenye 2.5, yaani GPA 3.5, pale pale inapoanzia daraja letu la pili la juu. Kwa hiyo ile "hakuna shida" ya wakala maana yake nilikuwa nimepenya kwa nukta moja. Hesabu hiyo inafanyika kwenye kiganja cha mkono. Yeye hakuwahi kuifanya.

Maombi yalipitia uni-assist, ile taasisi inayopokea na kuhakiki vyeti vya wageni kwa niaba ya vyuo vingi vya Ujerumani. Kwao chuo cha kwanza ni euro 75, kila cha ziada katika muhula huo huo ni euro 30. Vitatu ni 135. Mimi nilitoa euro 300, "ada ya Ujerumani hiyo, sisi hatugusi senti". Bei yenyewe niliijua miezi mitano baadaye nilipofungua akaunti yangu mwenyewe na kukuta bei imebandikwa pale mbele, kila mtu anaiona.

Majibu yalikuja Agosti. Vyuo viwili vilikataa kwa mistari miwili. Cha tatu kiliandika aya nzima, na aya hiyo imenisaidia kuliko laki nane na nusu zangu. Walisema wastani wangu unatosha na Kiingereza kinatosha, lakini kwenye transkripti hawakuona krediti za kutosha za nadharia ya uga wa sumaku-umeme, wala za signali na mifumo.

Nilisoma barua hiyo nikiwa kwenye daladala ya Igoma nikataka kucheka. Uga wa sumaku-umeme nimeusoma! Nimeusoma mpaka nikauota, nikaurudia mwezi wa tisa kwenye mtihani wa marudio. Nikafungua transkripti yangu kwenye simu. Imeandikwa: Uhandisi Umeme III. Hiyo tu. Ndani ya Uhandisi Umeme III kulikuwa na milinganyo ya Maxwell, mawimbi, njia za kusafirishia mawimbi ya umeme, kila kitu, lakini Mjerumani aliyekaa ofisini kwake atajuaje? Yeye anaona namba ya Kirumi.

Nilipompelekea wakala ile barua aliisoma akanirudishia. "Bahati mbaya tu, kaka. Tutajaribu Poland."

Hapo ndipo nilipomtafuta dada mmoja tuliyesoma naye, sasa yuko Ujerumani mwaka wa pili. Nikamtumia picha ya barua. Akanijibu kwa sauti, WhatsApp, huku anasikika anakatakata vitunguu: "We ulituma muhtasari wa kozi?" Nikamuuliza muhtasari gani. Kimya kidogo, kisu kikasimama. "Kaka yangu, yaani ulituma transkripti tupu?"

Ndivyo ilivyokuwa. Kwa masta ya uhandisi kule, mtu anayeamua haishii kwenye wastani. Anashika orodha ya kile ambacho mwanafunzi wao wa shahada ya kwanza amesoma: hisabati kiasi hiki, fizikia kiasi hiki, sakiti, elektroniki, uga, signali, udhibiti. Kisha anapita kwenye transkripti yako kozi kwa kozi anatafuta kilichofanana nacho. Asipokiona anahesabu hukusoma. Vyuo vingine vina fomu kabisa ya kujaza: kushoto somo lao, kulia somo lako, krediti zake, na ukurasa wa mtaala unaothibitisha. Na krediti zenyewe hazifanani. Yetu moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yao, ECTS, ni saa 25 mpaka 30. Kozi ya krediti 12 ukiiandika 12 bila maelezo umewadanganya bila kujua, na wao wanajua.

Nikapanda basi stendi ya Nyegezi, usiku kucha, mpaka chuoni nilikosoma. Mkuu wa idara ni mzee wangu, alinifundisha mashine za umeme. Nikamwamkia, nikaeleza shida. Akavua miwani. "Injinia, mtaala wa mwaka wako ulishabadilishwa. Wa zamani uko stoo." Tulikwenda wote stoo. Boksi la tatu ndilo lilikuwa nao, umeliwa pembeni na mchwa lakini unasomeka. Kurasa 61 nilizotoa kopi, na katibu wa idara akazigonga muhuri moja moja. Sikuombwa hata shilingi. Kukaa pale siku mbili kulinigharimu gesti na wali maharage.

Usiku wa pili nilikaa gesti na kalamu nyekundu nikapigia mstari kila mada. Uhandisi Umeme III ikawa uga wa sumaku-umeme. "Hisabati ya Wahandisi IV" ikawa nusu hesabu za Fourier na Laplace zinazotumika kwenye signali, nusu uwezekano. Kumbe signali nilizisoma vipande vipande kwenye kozi tatu tofauti na hakuna hata moja yenye jina hilo. Hapo nilikubali kwamba wale jamaa hawakunionea sana: ukizijumlisha bado zilipungua.

Jambo jingine ni barua ya nia. Aliyoniandikia wakala ilianza kwa kusema tangu utotoni nilivutiwa na umeme na Ujerumani ni kitovu cha teknolojia. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja, na kwenye aya ya mwisho kulikuwa na jina la chuo kisichokuwa kile. Raundi ya pili niliandika mwenyewe. Niliandika kuhusu kiwanda: kwamba mteja mkubwa wa TANESCO halipii uniti peke yake, anatozwa pia kwa kilele cha kVA, yaani umeme wote anaouvuta kwa mpigo, alichofikia mwezi huo. Mzigo wetu ulikuwa kama kilowati 400, pawa fakta (ile sehemu ya umeme unaovutwa ambayo kweli inafanya kazi) 0.78, kwa hiyo mita ilisoma kVA 513. Tulifunga benki ya kapasita, vifaa vya kuirekebisha hiyo, pawa fakta ikapanda 0.95, mita ikasoma 421. Halafu nikaandika kilichonishinda: tulipofunga vidhibiti-mwendo vya kielektroniki kwenye feni za vyumba vya baridi, zile kapasita zikaanza kupata joto na mbili zikapasuka. Najua ni haramoniki, yale mawimbi ya ziada yanayochafua umeme, sijui kuzipima na kuzitibu sawasawa, na kozi yenu fulani ndiyo inafundisha hilo. Ukurasa mmoja na robo. Utoto wangu sikuugusa.

Kiingereza nisikuchoshe. Programu nyingi nilizoziangalia zinataka IELTS 6.5, na matokeo yanaishi miaka miwili. Hesabu tarehe tu, yasije yakafia njiani.

Kuna waliosema mbona usiombe Dar? Swali zuri. Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana uzamili wa uhandisi umeme, na mlango wa kuingilia uzamili kwetu mara nyingi huanzia GPA 2.7, yaani daraja la pili la chini. Hakuna anayekwambia ufukue stoo. Lakini programu zenyewe hazina uzito mmoja: kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kwa shahada ya uzamili ni krediti 180, ambazo ni saa 1,800, wakati ya Ujerumani ya miaka miwili ni ECTS 120, yaani saa 3,000 hadi 3,600, na mara nyingi 30 kati ya hizo ECTS ni tasnifu peke yake. Mwenye kazi na familia Mwanza, mimi ningemshauri Dar bila kusita.

Na hela. Kwa viza unaonyesha euro 11,904 za mwaka mmoja. Mjomba wangu wa Kisesa aliposikia akauliza, "Hizo wanakula wao?" Hapana, mjomba, zinafungiwa kwenye akaunti ya jina lako, unaachiwa 992 kila mwezi. Akatafakari. "Kwa hiyo wewe na mzungu mnalinda hela yako mwenyewe." Tulichanga ukoo mzima na kiwanja kimoja kiliondoka. Wakala hili la akaunti alinitajia siku ya mwisho kabisa, akiwa amesimama mlangoni.

Kosa langu mwenyewe pia lipo. TCU ina orodha ya mawakala waliosajiliwa kupeleka wanafunzi nje, na mimi sikuiangalia mpaka nilipokwishalipa. Hao hao TCU ndio wanaotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi unapokwenda, na ndio watakaoitambua shahada yako ukirudi. Ningeanzia kwao ningeokoa mwaka.

Raundi ya pili niliomba vyuo vinne, euro 165, kwa mkono wangu. Viwili vilikataa, kimoja hakijajibu hadi leo, kimoja kikanipokea kwa masharti: ndani ya mwaka wa kwanza nifaulu kozi mbili za ngazi ya shahada ya kwanza, mojawapo ikiwa ni signali na mifumo. Wao huita Auflagen. Haki yao. Naondoka Septemba.

Nilikwenda kwa wakala kuomba nirudishiwe walau ile tofauti ya euro. Nilirudishiwa flashi yangu na faili la plastiki. Wiki iliyopita akapiga simu mwenyewe, sauti ya furaha, kasikia nimepata. Anatengeneza bango jipya la ofisi, anaomba ruhusa aweke picha yangu. Nikamuuliza picha ipi. Akasema ile ya pasipoti, bado anayo.