Laini ya akiba kwenye ruta: ununue ipi ukiwa Kigoma

Wenye steshenari, mawakala wa pesa na wenye nyumba za wageni hapa Kigoma huniuliza jambo lilelile: ninunue laini ya mtandao gani iwe ya akiba kwenye ruta? Mimi huwarudishia swali. Hiyo uliyonayo huwa inakuangusha kwa sababu gani? Kama hujui, utanunua ya pili ambayo nayo italala siku ileile, saa ileile.

Sababu ziko nne na kila moja ina dawa yake. Kifurushi kuisha si tatizo la mtandao. Nunua kingine, yameisha. Mnara kuelemewa ni jambo la jioni: watu wametoka kazini, kila mmoja yuko kwenye video, vijiti vya 4G vinaonekana vimejaa lakini ukurasa haufunguki. Hapo laini ya kampuni nyingine inasaidia sana. Mnara kuzimika ni jambo la umeme kukatika kwa saa nyingi hadi betri za mnara zikachoka. Halafu kuna mkongo kukatika, yaani zile nyaya kuu zinazoleta intaneti nchini, na hapa niseme wazi ili mtu asinilaumu: laini ya akiba haina msaada. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilidorora, ukiwa na laini moja au tano.

Kwa hiyo tunachonunua ni kinga dhidi ya mnara, wala si dhidi ya kila kitu. Na kampuni mbili si lazima iwe minara miwili. Vodacom na ile iliyokuwa Tigo, sasa Yas, waliuza minara yao zamani kwa Helios Towers, ambayo kazi yake ni kukodisha nafasi ya mnara mmoja kwa mitandao tofauti. Simama chini ya mnara ulio karibu nawe, tazama juu: ukiona antena za ngazi mbili au tatu, huenda wapangaji ni zaidi ya mmoja, na umeme wao unatoka pamoja. Halotel iliingia sokoni mwaka 2015 ikajijengea sehemu kubwa ya mtandao wake yenyewe. Ndiyo maana mtu wa Vodacom au Yas huwa namwambia aanze kuijaribu Halotel au Airtel kabla ya kuhamia kwa jirani wa mnara uleule.

Kuijaribu, si kuinunua. Kigoma tuliishi kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla gridi ya taifa haijatufikia, na umeme bado una vituko vyake. Siku ukikatika, tumia nafasi hiyo. Subiri saa mbili tatu zipite, kisha waombe watu wa mtaani wenye laini tofauti wafungue ukurasa wowote palepale ruta yako inapokaa. Usiangalie vijiti vya mtandao, angalia kama ukurasa unafunguka. Rudia jioni, saa mbili hivi usiku. Laini iliyobaki hai mara zote mbili ndiyo yako, hata kama tangazo lake halikuvutii. Jibu la Mwanga si jibu la Kibirizi: ukiwa chini ufukweni na kilima kimekaa nyuma yako, mnara unaowahudumia vizuri watu wa juu unaweza usikuone kabisa.

Sasa kifaa. Nimevipanga kwa namna ambavyo ningetumia pesa yangu mwenyewe.

Ya kwanza: ruta yenye nafasi mbili za laini

Hii ndiyo inayostahili kuitwa ruta ya akiba, kwa sababu inabadilisha laini yenyewe bila mtu kuinuka. Teltonika RUT951 ni mfano mzuri, na MikroTik wana LtAP mini, ambayo imetengenezwa pia kwa ajili ya magari. Mara nyingi utaiagiza Dar es Salaam ije kwa basi, na bei yake ni mara kadhaa ya vile vidogo vya mfukoni. Kwa duka la vocha na soda siishauri. Kwa steshenari ambayo msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu HESLB ina wanafunzi wamejaa hadi barabarani, kwa zahanati, au kwa ofisi yenye watu sita, naishauri bila kusita.

Faida ambayo wauzaji hawaitaji ni umeme. RUT951 inakubali kuanzia volti 9 hadi 30 za moja kwa moja, kwa hiyo unaifunga kwenye betri ya sola ya volti 12 bila inveta katikati. Weka fyuzi tu kwenye waya. Ruta inayozimika pamoja na TANESCO haihitaji laini ya akiba, inahitaji betri.

Kuna mambo mawili ya kuelewa kabla hujalipa. La kwanza, nafasi mbili haimaanishi laini mbili zinafanya kazi pamoja. Ruta nyingi za aina hii zina modemu moja, yaani kile kinachozungumza na mnara. Laini ya pili imelala kabisa mpaka ya kwanza ishindwe. Kuamka kwake kunachukua muda, kwa sababu lazima ijitambulishe upya kwenye mtandao. Fomu iliyo nusu utaipakia tena. Simu ya video itakatika na utapiga upya. Anayetaka isikatike kabisa anahitaji ruta yenye modemu mbili, na hiyo ni hesabu nyingine ambayo biashara nyingi za hapa hazina haja nayo.

La pili ni mpangilio. Ukiiacha ilivyotoka kiwandani, ruta inaweza kung'ang'ania laini ya kwanza kwa sababu tu mnara unaonekana, hata kama hakuna data inayopita. Muulize fundi swali hili: itajuaje kwamba intaneti imekufa wakati mtandao upo? Jibu sahihi ni kwamba unaiagiza iulize anwani fulani ya nje kila baada ya muda, na ikikosa majibu mara kadhaa mfululizo, ihame. Iagize pia irudi kwenye laini ya kwanza baada ya muda fulani, la sivyo itabaki kwenye akiba hadi kifurushi kiishe. Fundi asiyekuelewa ukiuliza hivyo, tafuta mwingine.

Ya pili: ruta ya mezani ya laini moja yenye tundu la WAN

Kama umeunganishiwa faiba, yaani intaneti ya waya, hii inapanda kuwa ya kwanza na ile ya juu huihitaji. TP-Link TL-MR6400 ni ya aina hii: waya kutoka kwenye kifaa cha faiba unaingia kwenye tundu lake la WAN, laini ya malipo ya kabla inakaa ndani ikisubiri, faiba ikilala unahamia 4G. Kasi yake ya 4G ni hadi megabiti 150 kwa sekunde kwenye karatasi, na hutaziona, lakini kwa ofisi ndogo inatosha na kubaki. Muuzaji akikusukumia ya 5G kwa bei ya juu, mwambie asante.

Kwa aina hii na ile ya kwanza, soma orodha ya masafa kwenye boksi. Unataka bendi 3, 20 na 28, yaani megahezi 1800, 800 na 700. Hizo mbili za chini ndizo zinazofika mbali na kupenya kuta za tofali, na kwa mtu wa Uvinza au pembezoni mwa Kasulu ndizo zinazookoa. Ruta nyingine za bei nafuu zimetengenezwa kwa masoko ya Asia na Marekani. Zinawaka taa zote vizuri, kisha zinashindwa kuuona mnara ambao simu yako inauona.

Ya tatu: MiFi pembeni

MiFi ni ruta ndogo ya mfukoni, na kwa pesa kidogo hii ndiyo bora. Ina betri yake, unaibeba, na laini ya akiba inakaa humo moja kwa moja. Kubadilisha ni kwa mkono: intaneti ikikata, unaiwasha na kuhamia kwenye Wi-Fi yake. Wakala mwenye kioski pale sokoni hana sababu ya kununua zaidi ya hapo.

Ila uwe macho dukani. Nilimsikia muuzaji mmoja:

"Kaka, hii ni laini mbili?"

"Ndiyo bosi, mbili hizo hapo."

Kifuniko kilipofunguliwa, tundu moja lilikuwa la laini na lingine la kadi ya memori. Hakudanganya kwa makusudi, nadhani. Aliona matundu mawili akayahesabu. Fungua kifuniko mwenyewe.

Ya nne: simu

Kugawa intaneti kwa simu ni bure na kila mtu anajua. Lakini simu ikiondoka na mwenyewe, akiba imeondoka. Ikipigiwa, baadhi ya simu hukata data. Inafaa nyumbani, dukani hapana.

Na ambayo nisingeinunua kabisa kwa kazi hii ni ruta ya ofa iliyofungiwa mtandao mmoja. Bei inavutia, na kama laini kuu haina neno. Lakini siku utakapotaka kuweka laini ya kampuni nyingine itakugomea, na kazi ya akiba ni hiyo hasa.

Laini yenyewe na kifurushi chake

Isajili kwa jina la mwenye biashara, kwa alama za vidole na namba ya NIDA, si kwa jina la kijana wa dukani kwa sababu tu yeye ndiye aliyekuwa na nafasi siku hiyo. Akihama, laini ni yake kisheria. Piga *106# uhakikishe inaonekana kwenye orodha yako. Kama kwa jina lako tayari una laini ya kampuni hiyohiyo, mwambie wakala mapema kwamba hii inaingia kwenye kifaa.

Usiweke laini unayotumia kwa pesa za simu. Ujumbe wa uthibitisho utaingia ndani ya ruta ambako hakuna anayeusoma, na mafundi wanaoingia kwenye mpangilio wa ruta wataweza kuusoma. Ondoa namba ya siri ya kufungulia laini (PIN ya SIM) ukiwa bado unaitumia kwenye simu, na hakikisha intaneti inafunguka humo, ndipo uihamishe. Kuhusu kukata: kadi inakuja na saizi tatu zilizoshikana. Ruta nyingi za kazi zinatumia saizi kubwa kuliko ya simu za siku hizi, kwa hiyo usiharakishe kuvunja hadi ile ndogo kabisa. Ukishaivunja utaanza kutumia fremu za plastiki, na hizo zikinasa ndani huvunja pini.

Kifurushi ndipo pesa inapopotea. Cha siku au cha wiki kwenye laini inayolala ni kutupa hela. Kinaisha bila kuguswa. Vipo vifurushi visivyo na ukomo wa muda. Kwa kila GB ni ghali zaidi, na kwa laini ya akiba bado ndivyo ninavyoviweka mbele. Cha pili ni kidogo cha mwezi. Njia ya tatu, ambayo wengi wa hapa wanaitumia na inafanya kazi, ni kuiacha tupu na kuinunulia kifurushi kutoka simu nyingine ya mtandao huohuo intaneti inapokata. Ni nafuu kuliko zote, ila inataka mtu awepo, na hapo ruta ya kujibadilisha yenyewe inakuwa haina maana.

Na piga hesabu ya ukubwa. Watu wakivuta megabiti 10 kwa sekunde mfululizo, saa moja inakula GB 4.5. Kifurushi cha GB 5 hakifiki chakula cha mchana. Kama ruta inaruhusu, zima Wi-Fi ya wageni pindi inapohamia akiba, na kwenye kompyuta za Windows weka alama kwamba muunganisho una kipimo (metered connection) ili isishushe masasisho.

Kumbuka nilisema laini ya pili imelala. Kwa kampuni, laini iliyolala miezi ni laini isiyotumika. Hufungwa na namba kupewa mtu mwingine. Mara moja kwa mwezi ilazimishe ruta kuhamia huko kwa nusu saa, Jumapili asubuhi inatosha. Hapohapo utajua kama kifurushi kipo.

Kwa walio Manyovu, Kagunga au popote karibu na Burundi: zima huduma ya kutumia mitandao ya nje kwenye nafasi zote mbili za laini, na uchague mtandao wako kwa mkono badala ya kuiachia ruta. Mnara wako wa nyumbani ukizimika, wa ng'ambo ndio utakaosikika kwa nguvu, na ruta isiyojua mpaka itaurukia. Salio litaondoka kwa bei ya nje ya nchi.

Kabla ya kutoa pesa, geuza ruta au MiFi. Kwenye karatasi ya chini kuna IMEI, tarakimu 15, kwa kuwa chochote kinachoingiza laini kinayo kama simu. Itume kwa ujumbe kwenda 15090 ukiwa bado dukani, na usubiri jibu linalotaja aina ya kifaa. Jibu lisipolingana na ulichoshika mkononi, kirudishe kwenye meza.