apt-listbugs: wenye Debian wekeni hii kabla hamjaapdeti tena

Wadau wa Linux hapa Tanga, hasa nyie wenye steshenari kule Ngamiani mliohamia Debian kwa sababu Windows 11 imezikataa mashine zenu za mtumba, kuna kijiprogramu kinaitwa apt-listbugs, mimi nakitumia siku nyingi na sijasikia mtu akikiongelea.

Kazi yake ni moja tu. Ukipiga apt upgrade (amri ya kuapdeti Debian), vifurushi vya programu vikishashuka ila havijaanza kuingia kwenye mfumo, chenyewe kinaenda kwenye seva ya Debian wanakoripotia bagi, yaani hitilafu za programu, kinaangalia toleo unalotaka kuweka lina bagi gani mpya, kikikuta kubwa kinasimamisha kila kitu na kukuandikia pale pale jina la kifurushi, namba ya bagi na inafanya nini, halafu kinakuuliza tuendelee au tuache. Vibagi vidogo hakikusumbui navyo, kinaonyesha madaraja matatu ya juu tu, critical, grave na serious. Ubaya ni kwamba bando linakuwa limeshaliwa ndo unaambiwa ngoja kwanza, na ukiwa huna intaneti kabisa hakina cha kukuambia.

Kuna watu watasema aah mimi natumia stable (Debian iliyotulia), hayo ya watu wa sid (ile ya majaribio). Haya, Desemba 2023 Debian 12.3 ilisitishwa dakika za mwisho kwa sababu keneli (kiini cha Linux) 6.1.64-1 ilikuwa na bagi inayoweza kuharibu data kwenye ext4, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, na ext4 ndo karibu kila mtu anayo, ikabidi 12.4 itoke tarehe 10 mwezi huohuo. Stable hiyo! Sasa piga picha mafaili ya wateja wote, CV, barua za kazi, vitambulisho vilivyoskaniwa, yako kwenye diski hiyo.

Ninachokipenda zaidi ni herufi p. Ukiandika p na jina la kifurushi kinakifunga hicho tu kisiapdetiwe, unaanzisha apt upya na vingine vinaendelea, halafu bagi ikirekebishwa kufuli linaondolewa lenyewe, huhitaji kukumbuka.

Ila msikifanye hirizi. Kinajua kile ambacho mtu ameshakiripoti, basi. Lile sekeseke la 2024 la xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yaliingia testing (inayoandaliwa kuwa stable ijayo) na sid yakiwa na mlango wa siri ndani, na yalipita kimya kimya mpaka mtengeneza programu Andres Freund aliposhtuka SSH yake (ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali) inachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akatangaza tarehe 29 Machi. Kabla ya siku hiyo apt-listbugs ingekwambia nini? Hamna.

Na kuna kitu kinaniudhi kweli, pale kwenye swali jibu la kawaida ni Y, yaani ukigonga Enter tu umeshakubali, na kijana ninayemwachia duka jioni yeye Enter anaigonga hata kabla maandishi hayajaisha kutokea. Onyo la hatari lilitakiwa likatae mpaka mtu aandike ndiyo kwa mkono wake.

Ni bure, apt install apt-listbugs, inavuta na Ruby kidogo (lugha ya programu iliyoandikiwa). Nawapa nyota nne. Wa Ubuntu hii haiwafai, inasoma bagi za Debian na nyie zenu zinaripotiwa kwingine.