Google Ads Editor kwa kusitisha na kuwasha kampeni kwa mkupuo: uzoefu wangu

Mwenye kampeni mbili tatu za matangazo ya Google haihitaji programu hii ya Editor. App ya Google Ads ya kwenye simu inamtosha. Faida ya Editor inaonekana kwa anayesimamia akaunti kadhaa zenye makumi ya kampeni, halafu mteja anasema bidhaa zimekwisha stoo, simamisha zote leo. Ni ya bure, inawekwa kwenye kompyuta ya Windows au Mac, na hufanya kazi juu ya nakala ya akaunti uliyoipakua. Mtandao unauhitaji wakati wa kupakua na wa kupakia tu.

Nakala hiyo ndiyo inayowaponza wengi. Ukiwa na nakala ya juzi na mwenzako jana alibadilisha kitu kwenye tovuti ya Google Ads, unachokiona si hali halisi ya akaunti. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, bonyeza Get recent changes. Kisha fungua orodha ya kampeni, chagua unazozitaka (Ctrl+A huzikamata zote zilizo kwenye orodha), na kwenye paneli ya kuhariri badilisha hali kutoka Enabled kwenda Paused. Hapo bado hujafanya lolote: matangazo yanaendelea kutoka na pesa inaendelea kukatwa mpaka ubonyeze Post, yaani upakie mabadiliko kwenye akaunti. Anza na Check changes ili makosa yajitokeze, kisha Post. Na usifunge kompyuta kabla hujaiona taarifa kwamba upakiaji umekamilika.

Removed si Paused. Kampeni iliyoondolewa hairudi. Takwimu zake zinabaki kwenye ripoti, lakini ukiitaka tena utanakili na kuanza kampeni mpya isiyo na historia. Sioni sababu ya kuondoa kampeni kwa mkupuo. Orodha ikikukera, chuja zilizositishwa zisionekane.

Kusitisha hakuna ugumu. Ugumu uko kwenye kurudisha. Tuseme akaunti ina kampeni 40, na 12 kati yake zilikuwa zimesitishwa tangu zamani kwa makusudi: za msimu uliopita, au zenye bei iliyobadilika. Ukisimamisha zote, zote 40 zinasomeka Paused, na wiki ijayo hakuna kitu kwenye orodha kitakachokuonyesha zipi ni zile 12. Ukiwasha zote, tangazo la ofa iliyokwisha linarudi hewani na bajeti yake. Dawa yake ni lebo. Kabla ya kusitisha, chuja zilizo Enabled tu, zipe lebo moja yenye tarehe, pakia, ndipo usitishe. Siku ya kurudisha unachuja kwa lebo hiyo. Mimi huongeza na nakala rudufu ya akaunti, faili lenye mwisho wa .aea, kwa sababu halichukui muda kuliandaa. Rekodi ya mabadiliko kwenye tovuti ya Google Ads nayo inaonyesha nani alibadilisha nini, ila kuisoma mstari kwa mstari kwa kampeni nyingi ni adhabu.

Wanaopenda Excel wanaweza kuingiza faili la CSV lenye safuwima mbili, Campaign na Campaign Status. Ni njia ya haraka, lakini jina lazima lilingane. Ukiandika "Ramadhani Dar" wakati kwenye akaunti ni "Ramadhan Dar", Editor italichukulia kuwa kampeni mpya, na ile uliyotaka kuisimamisha itaendelea kula pesa. Kagua mabadiliko yaliyopendekezwa kabla ya kubonyeza Keep.

Hali pia zinakwenda kwa ngazi. Kampeni ikisitishwa, vikundi vya matangazo na maneno muhimu ndani yake vinabaki Enabled lakini havionekani kwa mtu. Kinyume chake ndicho kinachosumbua: umeiwasha kampeni na bado hakuna kinachotoka. Angalia kwanza tarehe yake ya mwisho kama imepita, halafu kama vikundi vyenyewe vimesitishwa, kama matangazo yamekataliwa, kama malipo yamekwama. Mara nyingi ni hiyo tarehe.

Usitarajie Editor ikuzimie kampeni usiku umelala. Kwa hilo weka kanuni za otomatiki, yaani maagizo yanayojiendesha kwa saa uliyopanga, kwenye tovuti ya Google Ads, na zifuate lebo ileile. Saa zake ni za akaunti, si za kompyuta yako: akaunti iliyofunguliwa kwa saa za Dubai ikipangiwa 12:00 AM, Dar es Salaam na Nairobi ni saa tano usiku. Na mteja akisema "izime saa moja jioni", unachagua 7:00 PM. Kanuni inaweza kuanza wakati wowote ndani ya saa uliyoichagua, kwa hiyo ofa inayokwisha kwa dakika kamili ipangie mapema. Kama unachotaka ni matangazo yasitoke usiku kila siku, achana na kuzima na kuwasha. Tumia ratiba ya matangazo ya kampeni yenyewe.

Mteja mwambie mapema kwamba gharama inaweza kupanda kidogo hata baada ya kusitisha. Ni mibofyo iliyotokea kabla, inayochelewa kuingia kwenye ripoti.