Injini ya ioni ya Kerbal Space Program: msukumo naisamehe, umeme siisamehi

Nina karibu miaka miwili na Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kujenga na kurusha roketi, kwenye laptopu ya mtumba niliyoinunua hapa Lubumbashi. Niliupata mchezo kwa dola 10 wakati wa punguzo, kaka yangu aliyeko Ndola akanilipia kwa kadi yake. Hapo sina neno, hata kwa bei kamili ya dola 40 ningesema unalipa. Ninachotaka kueleza ni injini moja tu, ile ndogo ya ioni, inayotumia umeme kurusha gesi nyuma, ambayo muda wote huo niliikwepa. Mimi ni mtu wa moto na moshi: weka injini kubwa, hesabu mpaka sifuri, dirisha litetemeke.

Kilichonibadilisha ni safari ya Dres, kile kisayari kilichotengenezwa kwa mfano wa sayari kibete ya kweli, Ceres. Nilijenga chombo cha tani moja na nusu, injini moja ya ioni, tangi la gesi ya zenoni na paneli za jua. Kutoka kwenye mzunguko wa Kerbin, sayari ya nyumbani ya mchezo, nilihitaji kuongeza kasi kwa mita 1,500 kwa sekunde. Injini ya kawaida ingemaliza kazi hiyo ndani ya dakika moja au mbili. Ioni ikaniambia dakika 19. Basi unakaa. Nyuma ya chombo kuna kimwanga cha samawati, na kasi inapanda kama maji ya bomba dhaifu yanayojaza bidoni ya lita 20. Zaidi ya hapo, ukiwa karibu na Kerbin unaizunguka kwa kama nusu saa, na kama theluthi ya nusu saa hiyo uko gizani. Jua likipotea, paneli zinalala, betri inakwisha, injini inazima. Unasubiri jua, unawasha tena.

Dakika ya 12 umeme wa nyumbani nao ukakatika. Betri ya laptopu yangu ni ya mapambo tu, na nilikuwa sijabonyeza F5 kuhifadhi. Chombo kikapotea, nami nikaenda kula michopo nikiwa nimenuna.

Usiku ule, kwa simu, nikaanza kusoma habari za injini za ioni za kweli. Ile ya mchezo inaitwa Dawn, jina la chombo cha NASA kilichorushwa Septemba 2007, kikazunguka asteroidi ya Vesta kuanzia 2011 na Ceres kuanzia 2015, mpaka kikanyamaza mwishoni mwa 2018. Namba zilinitoa usingizi. Injini ya mchezo inasukuma kwa nyutoni 2,000. Ya Dawn halisi, ikipewa umeme wake wote, ilisukuma kwa milinyutoni 91 hivi, sawa na uzito wa karatasi mbili za A4 ukizilaza kiganjani. Tofauti ni zaidi ya mara 20,000. Chombo chenyewe kilikuwa na tani 1.2 siku ya kurushwa, si kizito kuliko changu, na kilihitaji siku nne kuongeza kasi kwa kilomita 96 kwa saa. Zile dakika 19 nilizokuwa nalalamikia, kwa mwendo wa Dawn zingekuwa kama siku 230.

Watengenezaji nawaelewa. Katika mchezo huu, ukiharakisha muda kwa mara 100 au 1,000, injini haiwezi kuwaka. Ukitaka iwake, mwisho wako ni mara nne. Nani atakaa mbele ya kioo miezi miwili kungoja safari moja ianze? Zamani injini hii ilikuwa na nyutoni 500 tu, watu wakalia, na mwaka 2014 ikaongezwa hadi 2,000. Ni uongo wa huruma, kama fundi anayekwambia "kesho" ili ulale vizuri.

Lakini umeme! Hapa ndipo ninapogombana nao. Ulaji wa gesi wameuweka vizuri: sekunde 4,200 za msukumo mahususi (kipimo cha jinsi injini inavyobana matumizi ya gesi yake), wakati ya Dawn ilikuwa na 3,100, na leo ziko injini halisi zinazokaribia hiyo 4,200. Sasa chukua kalamu. Sekunde 4,200 maana yake gesi inatoka kwa kasi ya kilomita 41 kwa sekunde. Ukisukuma nyutoni 2,000 kwa gesi ya kasi hiyo, unahitaji megawati 41, hata kama hupotezi chochote njiani. Sisi wa Katanga namba hiyo tunaijua: ni kituo kizima cha Koni kwenye mto Lufira, chenye megawati 42. Ongeza hasara za kawaida, itabidi uazime na Mwadingusha. Mchezo unakwambia paneli moja ya jua ya Gigantor inatosha injini mbili na chenji inabaki! Dawn halisi ilikuwa na paneli za karibu mita 20 kutoka ncha hadi ncha. Karibu na Dunia zilitoa kilowati 10, na kule Ceres, mbali na jua, zikabaki kama 1.3. Injini yake ilishiba kwa kilowati 2.3. Mtu aliyewahi kugawana jenereta na majirani ataelewa kwa nini hili liliniuma kuliko msukumo.

Kitu kingine ambacho mchezo haukufundishi ni namna ya kupanga safari. Pale unaweka alama moja kwenye mzunguko, unawasha, unazima, umekwenda. Dawn iliwasha injini kwa jumla ya karibu miaka sita, ikila hadi kama gramu 280 za zenoni kwa siku, na njia yake ilikuwa ya kujikunjua polepole kama kamba ya mkeka. Kuna nyongeza ya mashabiki, Persistent Thrust, inayoruhusu injini kuwaka huku muda ukikimbia. Niliiweka, na ndiyo nawashauri. Laptopu inachemka kama jiko la makala, lakini sasa ukipunguza msukumo bado unafika, na alama zako za zamani hazina kazi tena. Toleo la pili la mchezo, lililotoka Februari 2023 kabla halijakamilika, lina uwezo huo tayari, ila mashine yangu hailiwezi.

Mchezo naupa 9 kwa 10. Injini ya ioni 6, na hizo nne nimezikata kwa ajili ya Koni.

Juzi nilirudia safari ya Dres. Mdogo wangu alikaa pembeni na sahani ya bukari, akatazama kile kimwanga cha samawati kwa muda, akauliza:

"Yaya, hii kintu inatembea ao imekufa?"

Nikamwambia inatembea, tena hii ni ya haraka. Ile ya kweli ukiiwasha saa nne usiku ukaenda kulala, asubuhi saa kumi na mbili itakuwa imeongeza mita mbili kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekimbilia basi bila haraka sana.

Akafikiri kidogo. "Na umeme ukikatika?"

Nikabonyeza F5.