Seti ipi ya tamthilia za upelelezi za Uswidi ununue kwanza

Tamthilia ya upelelezi hupungua thamani kwa kutazamwa: ukishamjua muuaji, nusu ya utamu imekwenda. Kwa hiyo orodha hii haikupangwa kwa kuuliza ni ipi yenye fumbo gumu kuliko zote. Tumeuliza ni ipi utairudia mwakani, na mwaka unaofuata. Ile ya kutazama mara moja haina haja ya kununuliwa. Lipia mwezi mmoja wa mtandaoni, imalize, basi.

Waswidi wametuwekea nyingi za kurudia. Maj Sjöwall na Per Wahlöö walitoa riwaya 10 za mpelelezi Martin Beck kati ya 1965 na 1975, nao hawakuficha nia yao: walitaka kuionyesha nchi iliyojisifia kutunza kila raia ni nani hasa inaowaacha nje. Maiti ilikuwa mlango wa kuingilia tu. Tangu hapo mpelelezi wa Kiswidi hafanani na stelingi tuliyemzoea. Ni mtumishi wa umma aliyechoka, ana kikao saa 2 asubuhi, ana binti asiyepokea simu zake, na bastola huitoa kwa nadra. Swali linalobaki baada ya kutazama ni kwa nini imetokea, na swali hilo halimaliziki kwa kumjua aliyefanya.

Mambo mawili huwachanganya watazamaji wapya. Konstebo humwita bosi wake kwa jina la kwanza, hakuna cha "afande" wala "mkuu". Si utovu wa adabu. Waswidi waliacha kuitana kwa vyeo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na waziri mkuu naye huitwa kwa jina lake. La pili ni kwamba hutamsikia wakili akiomba dhamana, kwa sababu Uswidi haina dhamana ya fedha. Akishapatikana mshukiwa, anayeongoza upelelezi ni mwendesha mashtaka, na baada ya kuamua kumshikilia mtu ana muda hadi saa 6 mchana wa siku ya tatu kuiomba mahakama imweke mahabusu. Ukiona polisi wanahangaika na saa ukutani bila bomu lolote kutegwa, sababu mara nyingi ni hiyo.

Kabla ya kutoa pesa

Kosa linalogharimu zaidi ni namba ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. DVD za Uingereza, Uswidi na nchi za Ghuba ni kanda ya 2. Za Marekani na Kanada ni kanda ya 1. Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Rwanda na Burundi zimepangiwa kanda ya 5. Deki isiyofunguliwa kanda zote itakuandikia ujumbe wa kukataa, na diski itakuwa nzima kabisa. Deki nyingi za bei nafuu hazijali kanda, ila usibahatishe: azima diski moja ya Uingereza uijaribu kwanza. Kwa Blu-ray mambo ni mepesi, kwani Ulaya, Afrika na nchi za Ghuba zote ni kanda B. Panapokuwa na toleo la Blu-ray la Uingereza na deki yako inalisoma, chukua hilo.

Anayetegemea kompyuta ajue kwamba kisomeo cha DVD huruhusu kubadili kanda mara 5 tu. Baada ya hapo hujifunga kwenye kanda ya mwisho uliyochagua, na kuiondoa programu na kuiweka upya hakusaidii, maana hesabu inatunzwa ndani ya kifaa chenyewe.

Jambo la pili ni manukuu. Diski zilizotolewa kwa soko la Skandinavia mara nyingi zina manukuu ya Kiswidi, Kidenmaki, Kinorwe na Kifini peke yake. Ni bei rahisi, na muuzaji hatakudanganya akisema ni mpya. Ila usipojua Kiswidi umenunua picha za mvua. Tafuta toleo la Uingereza (kampuni ya Arrow imetoa nyingi) au, ukiwa Marekani, la kampuni ya MHz. Manukuu ya Kiswahili usiyategemee kwenye diski hizi.

La tatu ni kuhesabu diski. DVD ya tabaka mbili hubeba GB 8.5, yaani filamu mbili za dakika 90 kwa ubora mzuri. Ukionyeshwa filamu 8 kwenye diski moja, zimebanwa, na kubanwa huonekana zaidi penye giza: usiku wa Malmö, mji wa kusini mwa Uswidi, unageuka vibao vyeusi vinavyotetemeka. Tamthilia hizi zina giza jingi. Geuza diski uone chini: iliyotengenezwa kiwandani inang'aa rangi ya fedha, iliyochomwa nyumbani ina rangi ya zambarau. Kwa diski iliyotumika, mkwaruzo unaotoka katikati kwenda ukingoni si wa kutisha sana; unaozunguka kufuata duara ndio unaokwamisha picha.

Ukiagiza kutoka nje, mwombe muuzaji atoe diski kwenye makasha na kuzitia kwenye bahasha za karatasi. Diski moja ina gramu 16 hivi. Uzito unaolipia nauli ni plastiki.

1. Wallander, ya Krister Henriksson

Filamu 32, kila moja dakika 90 hivi, kila moja kesi inayoanza na kuisha. Hiyo ni saa 48, na ukigawa bei kwa saa ni vigumu kuipata seti inayoishinda. Ila sababu ya kuiweka juu si wingi. Ystad ni mji mdogo wa pwani ya kusini, katika jimbo la Skåne, wenye mashamba tambarare yasiyo na mahali pa kujificha, na uovu unapofika huko humkuta jirani, mwalimu, mwenye duka. Henriksson anamwigiza Kurt Wallander kama mtu anayesikiliza kuliko kusema. Zipo sehemu ambapo hafanyi lolote kwa nusu dakika, nawe huwezi kuangalia pembeni. Ni vitu vya namna hiyo vinavyorudiwa.

Mwandishi aliyemuumba Wallander, Henning Mankell, aliishi miaka mingi kati ya Uswidi na Maputo, alikoongoza jumba la maigizo la Teatro Avenida. Mtazamo wake wa nchi yake kutoka Msumbiji unasikika, hasa pale kesi inapogusa wahamiaji na wafanyakazi wasio na vibali.

Hapa ndipo wanunuzi wanapokosea kuliko popote, kwa kuwa jina "Wallander" liko kwenye vitu vinne. Rolf Lassgård aliigiza riwaya 9 kati ya 1994 na 2007. Nzuri, na zinazofuata vitabu kwa karibu. Henriksson ni 2005 hadi 2013. Mwingereza Kenneth Branagh ana sehemu 12 za BBC, 2008 hadi 2016, zilizopigwa Ystad lakini kila mtu anasema Kiingereza. Halafu Netflix ilileta ya Wallander kijana mwaka 2020, nayo ni ya Kiingereza. Angalia sura kwenye kasha, usiishie kwenye jina.

Za Henriksson ziko mafungu matatu: filamu 1–13 (2005–2006), 14–26 (2009–2010) na 27–32 (2013). Ukiwa na uwezo wa fungu moja, chukua la kwanza. Humo binti yake Linda ni polisi katika kituo hichohicho, na ugomvi wao wa chini kwa chini una uzito kuliko kesi nyingi. Johanna Sällström aliyemwigiza Linda alifariki 2007, kwa hiyo fungu la pili halina Linda; katika la tatu yuko mwigizaji mwingine, Charlotta Jonsson. Fungu la tatu ndilo zito zaidi, ila usianzie hapo: linamlenga mzee ambaye unatakiwa uwe umeshamzoea.

2. Bron ("Daraja"; kwa Kiingereza The Bridge)

Maiti imelazwa katikati ya daraja la Öresund, juu ya mpaka kabisa: nusu upande wa Malmö, nusu upande wa Copenhagen. Saga Norén wa Uswidi (Sofia Helin) na Martin Rohde wa Denmark (Kim Bodnia) wanalazimika kushirikiana. Daraja hilo ni la kweli, lilifunguliwa Julai 2000, na pamoja na kisiwa cha kutengenezwa na njia ya chini ya bahari linavusha watu karibu kilomita 16.

Saga hajui kutania, hajui kusema uongo wa adabu, na hubadili blauzi mbele ya wenzake ofisini bila kuona tatizo. Tamthilia haisemi popote ana hali gani, nasi tunaona huo ni uamuzi bora kuliko wote wa mwandishi Hans Rosenfeldt. Kila mtu hutumia lugha ya kwao, Kiswidi au Kidenmaki, na manukuu ya Kiingereza huvisawazisha vyote. Sikiliza sauti: Kidenmaki kinamezwa kooni, Kiswidi kinapanda na kushuka.

Misimu ni minne, sehemu 38 za karibu saa moja (10, 10, 10 na 8), kuanzia 2011 hadi 2018. Nunua wa 1 na wa 2 pamoja, kwani ni hadithi moja ya Saga na Martin, na wa 2 una mwisho ambao ndio unaougharimia. Wa 3 na wa 4, ambamo Thure Lindhardt anaigiza mpelelezi mwenza mpya wa Saga, ni mizuri bila kuwa ya lazima. Bron iko chini ya Wallander kwa sababu moja: kila msimu ni kesi moja ya saa 8 hadi 10, huwezi kuchomoa sehemu ya sita Jumamosi usiku ukaifurahia peke yake. Jihadhari pia na nakala zake. Ya Marekani na Meksiko ya 2013 ina jina lilelile kwa Kiingereza, na wauzaji wa mitumba huzichanganya.

3. Beck, lakini kwa kiasi

Tangu 1997 Peter Haber amekuwa Martin Beck, na filamu zimepita 40. Wahusika ni wa Sjöwall na Wahlöö, visa vingi ni vipya. Mvutano wa Beck mpole na Gunvald Larsson (Mikael Persbrandt), mwenye suti ghali na ngumi nyepesi, ndio uliokuwa injini yake kwa miaka mingi. Halafu kuna jirani mzee wa ghorofani, mwenye kola ya tiba shingoni, anayetoa ushauri usioombwa kutoka kwenye baraza yake. Tatizo ni kupanda na kushuka. Filamu moja ni bora, inayofuata ni milio ya risasi tu. Anza na zile 8 za 1997–1998, usiagize seti kubwa kabla ya kujipima. Kwa Beck hasa, soma orodha ya manukuu mara mbili.

4. Arne Dahl, msimu wa 1

Jina ni la mwandishi wa vitabu vyake, si la mpelelezi. Kikosi cha wapelelezi kutoka pembe mbalimbali za Uswidi wanakusanywa Stockholm na mkuu wao, Jenny Hultin. Kesi 5, kila moja sehemu mbili za dakika 90. Hakikisha sehemu zote 10 zimo. Nusu ya kesi haina maana. Mmoja wa kikosi, Magnus Samuelsson, alikuwa bingwa wa dunia wa watu wenye nguvu mwaka 1998, na kumwona akiimba kwaya ni raha yake. Msimu wa 2 wa 2015 una sura mpya na uongozi mpya; subiri.

5. Midnattssol

Sehemu 8, 2016, ushirika wa Uswidi na Ufaransa, zinazotokea Kiruna, kaskazini ya Mzingo wa Aktiki. Hapa hakuna giza kabisa: jua halizami, na mauaji yanafanyika kweupe. Mji wenyewe unahamishwa kwa sababu mgodi wa chuma umeuchimba chini. Agosti 2025 hata kanisa lao la mbao lilibebwa zima kwa kilomita 5. Inunue ikiwa bei ni nzuri. Kwa kurudia, moja inatosha.

Za kukodi

Genombrottet na Åremorden, zote za 2025, na ile ya 2021 kuhusu mtu aliyetuhumiwa kumuua waziri mkuu Olof Palme (aliyepigwa risasi Stockholm tarehe 28 Februari 1986), ni za Netflix yenyewe. Hivyo hazibadiliki nchi kwa nchi kama zile za kukodishwa, na unazipata popote huduma hiyo ilipo. Kati ya hizo tatu, anza na Genombrottet: sehemu 4, kuhusu mauaji mawili ya Linköping ya 2004 yaliyofumbuliwa 2020 kwa kulinganisha vinasaba na nasaba za koo. Hakuna mbio za magari. Kuna mtafiti wa nasaba anayechora matawi ya familia, na inashika.

Kwenye simu, weka Netflix kwenye hali ya kuokoa data na utapata saa 6 hivi kwa GB 1. Åremorden yote, sehemu 5, inaingia kwenye bando hilo na chenji ikabaki. Ukiiacha kwenye ubora wa juu, saa moja tu inaweza kumeza GB 3.