SDDM: skrini ya kuingia inayomkumbuka mtu wa mwisho tu

Watumiaji wengi wa KDE Plasma, mojawapo ya maeneo-kazi (mazingira ya madirisha na menyu) ya Linux, hupokewa na SDDM kila wanapowasha kompyuta zao. Ni programu inayoonyesha majina ya watumiaji, kupokea nenosiri na kuanzisha eneo-kazi lililochaguliwa, na kwa kazi hiyo ya msingi inastahili sifa: mandhari zake, zilizoandikwa kwa lugha ya QML, zinapendeza na hubadilishwa bila taabu, nayo huanzisha vipindi (yaani eneo-kazi linalofunguka mtu anapoingia) vya X11 na vya Wayland, mifumo miwili ya kuonyesha madirisha kwenye skrini, vilevile. Mtu anayetumia kompyuta peke yake, tena mwenye eneo-kazi moja, anaweza kukaa nayo miaka mingi asione dosari.

Dosari hujitokeza pale kompyuta inapokuwa ya watu wawili au zaidi, kila mmoja na eneo-kazi alilolizoea. Tuseme dada anatumia GNOME, eneo-kazi jingine la Linux, na kaka yake anatumia Plasma. Kaka akichagua Plasma kwenye menyu ya vipindi na kuingia, uchaguzi wake huandikwa katika faili ya /var/lib/sddm/state.conf, ambayo huweka jina la mtumiaji wa mwisho na kipindi cha mwisho kwa kompyuta nzima. Dada akija baadaye, akachagua jina lake na kuandika nenosiri kama kawaida, atajikuta ndani ya Plasma ambayo hakuiomba na pengine hajawahi kuitumia.

Wapo watakaosema kwamba atoke tu na kuingia upya. Jibu hilo halinitoshi, kwa sababu Plasma inapoanza huoanisha mwonekano wa programu za GTK (zana ambazo programu za GNOME hujengwa nazo) na wa kwake, na mabadiliko hayo huandikwa katika mipangilio ya mtumiaji huyo. Anaporudi GNOME anaweza kukuta aikoni na fonti zimebadilika, asijue zimetoka wapi. Asiye na ujuzi wa mambo haya ataamini kuwa kompyuta imeharibika, na nani atamlaumu?

Wenzake SDDM, yaani programu nyingine za kuingia, walikwisha kulitatua jambo hili. GDM, inayotumiwa na GNOME, hutegemea huduma ya AccountsService, ambayo humwekea kila mtumiaji faili yake chini ya /var/lib/AccountsService/users na kuandika humo kipindi anachokipenda. LightDM nayo huitumia huduma hiyohiyo, na isipokuwapo husoma faili ya .dmrc iliyo katika folda ya nyumbani ya mtumiaji. Njia hizo hazina ugumu wowote wa ajabu, ndiyo maana naona upungufu huu wa SDDM ni mzito kuliko unavyochukuliwa. Chaguo la RememberLastSession lililomo katika mipangilio yake huweza kuizima kumbukumbu hiyo ya pamoja, lakini halimpi kila mtu ya kwake.

Kwa haki, kuna mkanganyiko mmoja ambao sitaibebesha SDDM. Plasma 6, iliyotoka Februari 2024, ilibadilisha majina ya faili za vipindi: plasma.desktop, ambayo awali ilikuwa ya X11, sasa ni ya Wayland, na ile ya X11 ikaitwa plasmax11.desktop. Programu yoyote iliyohifadhi jina la zamani ingeweza kuyumba baada ya usasishaji huo, kwa hiyo aliyeona chaguo lake limepotea wakati ule atazame kwanza majina ya faili zilizomo katika /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions.

Kwa kompyuta ya mtu mmoja, naipendekeza SDDM bila kusita. Kwa maabara ya shule, ofisi au familia yenye eneo-kazi zaidi ya moja, msimamizi asakinishe LightDM au GDM badala yake, kwa kuwa Plasma huanza vizuri kutoka katika zote mbili. Akiamua kubaki na SDDM, basi aache eneo-kazi moja tu kwenye kompyuta hiyo.